Gundi ya hamsini ilivyokaribia kuua laptopu yangu

ILIANZA na mlio mdogo tu: krrk.

Ilikuwa saa tano usiku, nami nimeinua kifuniko cha laptopu nimalizie ripoti ya mradi wangu wa chuo. Kona ya kushoto, pale skrini inaposhikana na upande wa kibodi, ikaachana. Bawaba, au hinji kama mafundi wengi wanavyoiita, ilikuwa imeng'oka kwenye kifuniko cha alumini na kuacha upenyo wa kupitisha kidole.

Skrini ilikuwa bado inawaka. Lakini kila nilipogusa kifuniko, lile bati la alumini lilijikunja kidogo na nyaya za skrini zikaonekana zikivutwa.

Laptopu yenyewe si mpya. Ni zile za 'ex-UK', zilizotumika kwenye ofisi za ng'ambo kisha zikaletwa huku. Mama alikopa kwenye chama chake ili aninunulie nilipoingia mwaka wa tatu, na usiku ule alikuwa amebakisha miezi mitatu kumaliza deni. Kwangu mimi ilikuwa darasa na pia ofisi: mchana masomo, usiku kazi za mtandaoni za kusikiliza sauti na kuziandika.

Sikumpigia Mama simu. Nilifanya kile ambacho vijana wengi wa jiji hili wangefanya. Asubuhi nikashuka Tom Mboya Street, nikampa mchuuzi hamsini, nikarudi chumbani na chupa ndogo ya supagluu. Nikaiminya yote mle ndani ya upenyo, nikabana kwa vidole dakika mbili, nikajipongeza. Gundi ni gundi, ama?

Ilishika siku tatu.

Siku ya nne kifuniko kilikataa kufunguka kabisa. Nilipolazimisha, kikatoa mlio mkubwa kuliko ule wa kwanza, na safari hii kikaondoka na kipande cha fremu ya ndani pamoja na vishikio viwili vya skrubu. Pembeni mwa skrini na juu ya kamera palikuwa na ukungu mweupe usiofutika. Ndipo nikaibeba kwenye mkoba hadi Luthuli Avenue, ghorofa ya pili, kwa fundi mmoja mzee niliyeelekezwa na wenzangu chuoni.

Aliitazama kama daktari anayetazama kidonda kilichopakwa dawa ya meno.

"Umetumia gundi gani?"

"Supagluu, fundi."

"Ya ngapi?"

"Ya hamsini."

Akacheka kidogo, akashika kifuniko na kujaribu kukizungusha. "Kijana wangu, hii mashine haikuvunjika kwa kukosa gundi. Hinji imekaza. Hata ungeibandika kwa simiti, ingeng'oka tu."

Maneno hayo ndiyo sababu ya makala haya. Nimejifunza kwa njia ya gharama kwamba swali la kwanza si 'gundi ipi ndiyo kali?' Swali la kwanza ni 'ni nini kilichovunja hapa, na kitavunja tena lini?' Ukishalijibu, kuchagua gundi kunakuwa rahisi.

Tafuta mkosaji kwanza

Kasha la laptopu likiachana, kuna washukiwa watatu.

Wa kwanza, na ndiye hatari zaidi, ni betri. Betri za lithiamu zikizeeka au kuharibika huweza kutoa gesi ndani na kuvimba kama mandazi. Dalili zake ni hizi: kasha limeachana katikati badala ya kwenye bawaba, sehemu ya kugusia ya kipanya imeinuka au haibonyezeki, au laptopu ikiwekwa mezani inayumba kana kwamba ina kitumbo.

Ukiona hivyo, usitafute gundi. Zima mashine, chomoa chaja, usiibonyeze irudi ndani, usiidunge wala kuipasua. Betri ya lithiamu iliyotobolewa inaweza kuwaka moto. Mpelekee fundi aitoe na kuweka nyingine. Kubandika kasha juu ya betri iliyovimba ni kufunga mlango ukiwa na moto ndani ya nyumba.

Mshukiwa wa pili ni bawaba iliyokaza. Bawaba ya laptopu hutengenezwa iwe na ugumu kiasi ili skrini isianguke. Kwa miaka, mafuta yake hukauka na vumbi huingia, ikawa ngumu kuliko inavyotakiwa. Wewe unainua kifuniko kwa nguvu ileile ya kila siku, lakini nguvu hiyo sasa haizungushi bawaba. Inang'oa kile kinachoishikilia. Na kwenye laptopu nyingi zenye kifuniko cha metali, kinachoishikilia ni fremu nyembamba ya plastiki au kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi tangu kiwandani. Naam, hata kiwandani walitumia gundi.

Mshukiwa wa tatu ni skrubu zilizolegea au kupotea, hasa kama mashine imewahi kufunguliwa. Skrubu moja ikikosekana, mzigo wake wote unabebwa na zilizobaki.

Yangu ilikuwa na mshukiwa wa pili na wa tatu kwa pamoja. Kisha nikawaongezea wa nne: supagluu niliyomimina ilikuwa imetambaa hadi ndani ya bawaba na kuigandisha. Ndiyo maana kifuniko kilikataa kufunguka.

Kwa nini alumini ni msumbufu

Chukua stika iliyobandikwa kwenye kioo cha matatu. Ukiisukuma ikiwa imelala, haiendi popote. Lakini ukianza na kona moja, ukaivuta kuelekea juu, inatoka yote bila jasho.

Gundi zote ziko hivyo. Zinavumilia sana nguvu inayosukuma vipande viwili viteleze sambamba, na zinashindwa haraka na nguvu inayobandua kutoka pembeni. Sasa fikiria kifuniko cha laptopu: kila unapokiinua, bawaba inabandua. Hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi unayoweza kuipa gundi, na unaipa mara kumi kwa siku.

Halafu kuna alumini yenyewe. Metali hii ikiguswa na hewa hujifunika utando mwembamba wa oksidi. Watengenezaji wa laptopu huukuza utando huo kwa umeme ili kasha lisikwaruzike haraka na lishike rangi nzuri. Ni utando mgumu na laini, tena juu yake kuna rangi, mafuta ya vidole vyako na mabaki ya gundi ya zamani. Gundi haijali chini kuna nini. Inashika kile kilicho juu. Ukibandika juu ya mafuta, umebandika mafuta.

Laptopu nyingine za kiofisi hazina alumini bali zina mchanganyiko wa magnesiamu, ambao ni mwepesi zaidi. Kanuni ni ileile, ila vumbi la magnesiamu hushika moto kwa urahisi. Hiyo isugue kwa mkono taratibu, si kwa mashine, na mbali na moto wowote.

Rafiki yangu mmoja aliuliza kwa nini nisipeleke kwa mafundi wa kuchomelea mageti. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na bati la kifuniko ni jembamba sana. Kabla fundi hajasema 'tayari', litakuwa limejikunja au kutoboka. Acha kuchomelea kwa mageti.

Gundi moja baada ya nyingine

Tukiwa pale kwenye meza yake, fundi alinifungulia droo yake ya gundi. Haya hapa niliyoyajua siku hiyo, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Supagluu. Iligunduliwa mwaka wa 1942 nchini Marekani. Harry Coover na wenzake katika kampuni ya Kodak walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Wakaitupilia mbali kwa sababu ilinata kwenye kila kitu. Iliingia sokoni mwaka wa 1958, sifa hiyohiyo ya kunata ikiwa ndiyo inayoiuza.

Supagluu huganda kwa unyevu ulio juu ya vitu, ndiyo maana hunasa vidole upesi. Inafaa kwa vipande vidogo vinavyokaribiana kabisa: kitufe kilichovunjika, pambo, ufa mwembamba. Lakini ikikauka ni ngumu na dhaifu kama kioo. Haipendi kubanduliwa wala kugongwa, na haijazi pengo. Mvuke wake ndio ulioacha ukungu mweupe kwenye kamera yangu. Kwa bawaba, isahau.

Epoksi ya mirija miwili. Hii ndiyo Wakenya wengi huiita Araldite, hata ikiwa ya kampuni nyingine. Mrija mmoja una utomvu, wa pili una kigandishi. Unachanganya kiasi sawa kwa sawa, kisha kemikali zinakamatana na kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka tena. Inajaza mapengo, inashika metali na plastiki nyingi, na inavumilia mzigo.

Kuna ya haraka, inayoanza kuganda kwa dakika tano hivi, na kuna ya polepole, inayotaka siku nzima kukomaa. Vijana tunapenda ya haraka. Fundi alinipa ya polepole, kwa sababu kwa kawaida ndiyo huwa imara zaidi na inakupa muda wa kupanga vipande vizuri. Ripoti yangu ilisubiri.

Epoksi yenye unga wa chuma. Ni ndugu ya hiyo ya juu, ila imechanganywa na chembe za chuma, rangi yake kijivu. Maarufu zaidi ni J-B Weld ya Marekani. Ile ya asili huganda kwa saa 4 hadi 6 na kukomaa kwa saa 15 hadi 24. Inafaa sana kujenga upya vishikio vya skrubu vilivyovunjika, maana ikikomaa unaweza kuitoboa na kuipiga tupa kama metali. Ni nzito na haipendezi kwa macho, basi iweke ndani isikoonekana, na isikaribie ubao wa saketi.

B-7000. Mafundi wa simu wanaijua hii kama jina lao. Ni gundi angavu inayobaki na unyumbufu kama mpira, nayo hutumika kubandika skrini za simu. Uzuri wake ni kwamba ukiipasha joto unaweza kuifungua tena. Kwa laptopu inafaa kubandika fremu inayozunguka skrini au ukingo wa kasha ulioachana. Usiipe kazi ya bawaba. Itavutika hadi iachie.

Tepu ya pande mbili. Si ile ya kubandika mabango. Nazungumzia tepu nene ya akriliki ya viwandani. Inafaa bati pana lililo bapa, kwa mfano jalada la alumini lililobanduka kwenye fremu yake. Inasambaza mzigo kwenye eneo kubwa na inakubali mtikisiko.

Gundi ya viatu. Inabaki laini na hulegea kwenye joto. Itumie kurudishia vile vimiguu vya mpira vya chini ya laptopu, basi. Na ukiitumia, fungua dirisha. Sote tumewaona watoto wa mitaani walioharibiwa na mvuke wa gundi za aina hii.

Gundi ya bastola, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa. Iliyeyuka kwa joto ili ikubandikie, na kwa joto italegea. Laptopu ina joto. Jumlisha mwenyewe.

Silikoni ya madirisha. Ile inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba na vijenzi vya elektroniki. Usiiingize ndani ya mashine hata kwa dharura.

Gundi ya skrubu. Hii ni tone dogo linalowekwa kwenye nyuzi za skrubu ili isilegee kwa mtikisiko. Ipo ya buluu inayofunguka kwa bisibisi ya kawaida, na nyekundu ambayo mara nyingi huhitaji moto. Chagua ya buluu, na uitumie pale tu skrubu inapoingia kwenye metali. Ikigusa plastiki inaweza kuipasua nyufa.

Jinsi kazi ilivyofanyika

Fundi aliniruhusu kusimama kando na kutazama. Nilidhani kubandika kungekuwa sehemu kubwa ya kazi. Kumbe gundi yenyewe ilichukua dakika tano, na matayarisho yakachukua zaidi ya saa mbili.

Kwanza alizima mashine na kuchomoa waya wa betri. Kila skrubu aliyoitoa aliiweka kwenye karatasi aliyochora umbo la laptopu, mahali pale ilipotoka. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa kibodi au skrini.

Pili, akatoa skrini nje ya kifuniko na kuiweka mbali. Hapo ndipo nilipoona uchafu wa supagluu yangu, umetapakaa kama nta ya mshumaa. Aliukwangua taratibu kwa wembe. Nikamuuliza kama asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, isingemrahisishia. Akasema inaondoa supagluu kweli, lakini inakula plastiki na kuharibu skrini. Aliitumia kwenye bawaba peke yake, baada ya kuitoa kabisa na kuiweka mbali na vitu vingine.

Tatu, akailegeza bawaba. Mwishoni mwa mhimili wake kuna nati ndogo. Aliizungusha robo, akajaribu, akaongeza robo nyingine, kisha tone la mafuta. Akanipa niizungushe kwa vidole. Ilikuwa ngumu kiasi cha kubeba skrini, lakini si ngumu kiasi cha kung'oa kitu. Hapo ndipo mashine yangu ilipopona. Mengine yote yalikuwa kufunga kidonda.

Nne, msasa. Alisugua upande wa ndani wa kifuniko, mahali pa kubandika tu, hadi ule mng'aro ukaisha na alumini ikawa na mikwaruzo midogo kila upande. Mikwaruzo hiyo inaipa gundi mahali pa kushika. Akafuta vumbi lote, kwa sababu chembe za metali zikidondokea kwenye ubao wa saketi zinaweza kuunguza mashine mara ya kwanza unapoiwasha.

Tano, usafi. Alitumia kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya isopropili, ambayo mafundi wa simu huwa nayo. Jihadhari na spiriti ya duka la dawa: baadhi zimeongezwa mafuta ya kulainisha ngozi, na mafuta ndiyo adui yetu hapa. Kisha akadondosha tone la maji pale alipoosha. Tone likijikusanya kama lulu, bado kuna mafuta. Likitanda na kulowesha, pako safi. Letu lilijikusanya. Akarudia msasa na kuosha, na mara ya pili likatanda. Akakausha, akafuta tena kwa alkoholi, na baada ya hapo hakuna aliyegusa pale kwa kidole.

Sita, akakata kipande cha alumini cha ukubwa wa stempu mbili. Kumbuka ile stika ya matatu: ukubwa wa eneo ni nguvu. Badala ya gundi kushika kile kishikio kidogo peke yake, sasa ilishika bamba pana lililobeba kishikio juu yake. Na kwa kuwa gundi peke yake haipendi kubanduliwa, akatoboa matundu mawili madogo kwenye kifuniko na kupitisha bolti mbili nyembamba zenye vichwa bapa. Gundi inasambaza mzigo, bolti zinazuia kona isianze kubanduka.

Saba, akachanganya epoksi yenye unga wa chuma, sawa kwa sawa, akikoroga dakika nzima hadi rangi ikawa moja. Kiasi kikizidi upande mmoja, mchanganyiko hubaki laini milele. Akapaka pande zote mbili safu nyembamba, akakaza bolti, akabana kwa vibanio vya nguo, vile vya kuanikia.

"Sasa nenda," akasema. "Rudi kesho jioni. Usinipigie simu saa sita."

Bawaba ilikuwa bado haijafungwa upande wa chini, kwa makusudi, ili isivute chochote wakati gundi inakomaa. Alisema pia kwamba baridi hupunguza kasi: kazi inayotaka siku moja Mombasa inaweza kutaka zaidi Nairobi mwezi wa Julai. Kanuni ya jumla ni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10, epoksi huchukua karibu mara mbili ya muda.

Usijiumize

Ukiamua kufanya mwenyewe, vaa glavu. Kigandishi cha epoksi kinaweza kusababisha mzio wa ngozi, na ukishaupata huenda ukawa nao kila ukiigusa.

Supagluu ikinasa vidole, usivivute. Viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, uvisokote taratibu. Na usiipanguse kwa pamba wala nguo ya pamba: supagluu nyingi ikikutana na pamba hupata joto kali linaloweza kukuchoma. Ikiingia machoni, nenda hospitali, usijaribu kubandua kope.

Kama laptopu yako bado ina waranti, irudishe kwa aliyekuuzia kabla ya kuigusa. Ukishatia gundi, itakuwa vigumu kumshawishi mtu kwamba kosa halikuwa lako.

Na kama huna bisibisi ndogo, huna mahali pasafi pa kufanyia kazi, na hujawahi kuchomoa waya wa betri, basi kazi yako ni moja: acha kuifungua na kuifunga, ifunge kwa kitambaa isijikunje zaidi, uipeleke kwa fundi. Kabla hujamkabidhi, muulize maswali mawili. Utailegeza hinji? Utatumia gundi gani? Akijibu 'supagluu', msalimie vizuri uende zako.

Hesabu

Fundi alinitoza Sh1,500, pamoja na Sh350 za epoksi. Alisema ningekuja siku ya kwanza, kabla ya ile chupa ya hamsini, angenitoza Sh700. Nilizikosa pia siku sita za kazi za mtandaoni. Kwa hiyo gundi yangu ya bei rahisi ilinigharimu kuliko chochote nilichowahi kununua Tom Mboya Street.

Ripoti niliikamilisha kwenye kompyuta za maktaba ya chuo, nikipanga foleni asubuhi. Ule ukungu kwenye kamera haujatoka, na kwenye mikutano ya video nafanana na mtu aliyeketi jikoni chapati zikipikwa.

Mwezi uliofuata nilienda nyumbani nikiwa na laptopu mkobani. Mama aliomba nimwonyeshe picha za arusi ya binamu. Nikaifungua mbele yake. Ikafunguka kwa kidole kimoja, bila mlio. Yeye hakutazama picha. Alitazama vile vichwa viwili vya bolti mgongoni mwa kifuniko.

"Hizi misumari zimetoka wapi?"

Nikamweleza yote: ile krrk, chupa ya hamsini, fundi, hinji iliyokaza. Alinyamaza kidogo, akapitisha kidole juu ya bolti, akakifunga kifuniko na kukifungua tena mara mbili.

"Na ulinificha kwa sababu ya deni?"

"Ndiyo, Mama."

"Deni nimebakisha mwezi mmoja," akasema. "Lakini ungeniambia, ningekwambia bawaba inataka mafuta. Mlango wa jikoni ulikuwa hivyo."